Nguo Zilizonirudisha Malishoni

Kama unasoma haya ukiwa umejifunika blanketi mbili na meno bado yanagongana, usijilazimishe kuyamaliza leo. Yatakungoja. Mimi pia kuna wakati nilishindwa kusoma hata jina la dawa kwenye pakiti. Herufi zilikuwa zinakimbia kama sisimizi waliomwagiwa maji. Leo nimeketi nje ya nyumba yangu karibu na Ijara, mvua zimekwisha, ng'ombe wanacheua, na mwili huu ni wangu tena. Wanawake wengi wamenisimamisha sokoni Masalani kuniuliza ilikuwaje, na kila mmoja nimemsimulia kipande tu kwa sababu ya haraka. Hapa nitasimulia yote.

Jina langu ni Shukri. Kwetu ng'ombe hufuatwa na wanaume, na wanawake hubaki na mbuzi na maziwa. Mimi nafuata ng'ombe. Mume wangu, Dagane, alivunjwa nyonga na fahali zamani, na tangu siku hiyo hawezi kwenda mbali bila mkongojo. Mungu alitujalia binti mmoja, Hibaq, ambaye anasoma chuo mjini Garissa. Basi fimbo ya kuchungia ikaingia mkononi mwangu. Wapo waliocheka, tena mbele yangu. Waliacha kucheka kiangazi kile kibaya ambacho ng'ombe wao waliisha njiani na wangu wakarudi wamekonda lakini wako hai. Tangu hapo wazee wakinitaja kisimani walisema "Shukri wa ng'ombe", na hakuna pete wala mkufu ambao ningeubadilisha na jina hilo. Nalisema mapema ili mjue ugonjwa ulitaka kuninyang'anya nini.

Ya kwanza ilikuwa malaria.

Mvua za Deyr, zile za mwisho wa mwaka, zilishuka kwa nguvu. Kila bonde lilikuwa dimbwi. Ng'ombe walinenepa mpaka ngozi ikang'aa, nami nikalala nao nje wiki baada ya wiki, ndani ya chandarua kama mtu mwenye akili. Lakini mbu wa kwetu hawangoji mtu alale. Wanaanza jua likizama, wakati unakamua, mikono yote miwili iko kazini na huna wa kukupigia mbu mgongoni. Nguo zetu ni nyepesi kwa sababu ya joto. Mbu anapitisha mdomo kwenye baati, lile gauni letu pana, kana kwamba haiko.

Homa ilikuja, nikasema ni uchovu. Ikaondoka, ikarudi na baridi iliyonitikisa mpaka fimbo ikaanguka. Siku ya mwisho nakumbuka nikiinama kunawa uso kando ya dimbwi, halafu nakumbuka matope kinywani. Mchungaji jirani aliyekuja kunywesha wanyama wake ndiye aliyenikuta.

Walinipandisha pikipiki katikati, mwendeshaji mbele na Dagane nyuma, nimefungwa kwake kwa shali langu mwenyewe. Nyonga ya Dagane haivumilii pikipiki hata kwa mwendo wa kwenda dukani. Siku hiyo alinishikilia njia nzima ya mashimo hadi Masalani, na hakusema hata "ah". Pale zahanati walinitoboa kidole, wakatazamana, na muda si mrefu nilikuwa kwenye gari la wagonjwa kuelekea Garissa. Ya njiani nakumbuka paa la gari tu, na sauti ya Dagane akinisomea Yasin, anasahau aya, anarudi mwanzo.

Hospitalini walisema damu yangu imekuwa kama maji, niongezewe upesi. Ndugu yake Dagane, Sahal, anauza mifugo mjini. Alikuja moja kwa moja kutoka sokoni, samadi bado iko kwenye makubazi, akakunja mkono wa kanzu na kumwambia yule wa maabara, "Chukua mpaka useme basi." Nataka hilo likumbukwe, maana mbele nitamsema Sahal kwa mengine, na mwanamume huyu damu yake inatembea ndani yangu.

Mwili wangu sikuujua tena. Mkojo ulikuwa rangi ya chai iliyolala. Macho yalikuwa ya manjano. Nilipovua kitambaa cha shash kichwani, nywele zilitoka nayo. Hibaq alikuwa anakuja baada ya masomo kuniogesha, na siku moja alipofika mgongoni mkono wake ulisimama.

"Nini?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu, hooyo."

"Sema."

"Naweza kuhesabu mifupa yako yote," akasema, na akaendelea kunisugua polepole kana kwamba ningevunjika.

Kitanda cha pili alilala mama mmoja kutoka Wajir, mzito wa kusikia, ambaye sikuwahi kujua alikuwa anaumwa nini. Kila alasiri watoto wake walipomletea chupa ya chai ya maziwa, alijaza kikombe chake nusu, kisha akajaza changu nusu. Hakuuliza kama nataka. Siku za mwanzo nilikuwa natapika ile chai, naye kesho yake ananimiminia tena. Siku niliyoimaliza, alipiga kofi moja hewani na kusema kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri, "Amekunywa!" Wodi nzima ikageuka. Sijui kama yuko hai. Kama yuko hai, Mungu amzidishie.

Nilipotolewa hospitali nilikaa kwa dada yangu Saadia, mtaa wa Waberi. Kiangazi cha Jilaal kilipita nikiwa kwenye kiti cha plastiki mlangoni pake. Kazi yangu ilikuwa kutembea. Kwanza hadi geti. Baadaye hadi kona ya msikiti. Baadaye hadi duka la pembeni kununua sukari, na Saadia akinifuata kwa mbali akijifanya ana shughuli zake. Nilikuwa nimezoea kutembea kutwa nzima nyuma ya ng'ombe. Sasa nilikuwa nashangiliwa kwa kufika dukani. Nilicheka. Saadia naye akacheka, halafu akaingia ndani, nikamsikia analia.

Sahal alikuja kunitembelea na kuketi mkekani. Alikunywa chai yake kwanza.

"Shukri," akasema, "ng'ombe tuwauze. Dagane hatembei. Wewe ulikuwa unatembea, sasa hutembei. Mchungaji wa kuajiriwa hajali. Tuwauze wakiwa bado wana nyama."

"Nitarudi," nikasema.

"Mbu wako bado wako kule wanakungoja."

Nilitaka kumjibu, lakini pumzi haikutosha. Kukosa pumzi ya kubishana, kwangu mimi, ilikuwa mbaya kuliko homa.

Nilirudi nyumbani mvua za Gu zilipoanza, majani yakiwa mapya. Mama mkwe wangu, Ayeeyo Barwaqo, yaani Bibi Barwaqo, kama kila mtu anavyomwita, alinipokea uani, akanishika mashavu kwa mikono yake mikavu na kusema, "Umerudi nusu. Nusu nyingine tutailisha." Alinilisha. Nyama iliyokaushwa kwa samli, maziwa, uji. Nikapata nguvu, nikachukua fimbo. Nilianza na malisho ya karibu, na ng'ombe waliponiona, yule jike mwekundu aliyekuwa kiongozi wao alikuja akanusa shali langu. Nilisimama nikamwacha aninuse.

Majani yalifika kiunoni. Kupe walikuwa wengi. Kwetu kupe si habari. Ni kama vumbi, unambandua unaendelea. Lakini wakati nyasi zinaanza kutoa mbegu, kichwa kikaanza kuniuma kwa namna ambayo malaria haikuwahi kuniuma. Shingo ikakaza. Mtoki ukavimba. Homa ikapanda, na vipele vyekundu vikatokea mikononi. Dagane alikwenda moja kwa moja kumtafuta mwenye pikipiki.

Pale Masalani tulikaa kwenye foleni ndefu ya akina mama na watoto wanaokohoa. Nilikuwa nimeegemea ukuta nikiwaza, wakisema ni malaria tena, Sahal atakuja na lori la kubeba ng'ombe. Walipima. Haikuwa malaria. Muuguzi aliyekuwa zamu, Sista Mwende, mtu wa Ukambani, alinitazama, akatazama vipele, akavuta pazia.

"Mama, unaishi na ng'ombe?"

"Ndiyo."

"Nataka nikuangalie mwili wote. Tuko mimi na wewe tu hapa."

Niliona haya. Tumelelewa kujifunika. Lakini alikuwa na subira, akafunua kipande kimoja, akafunika, akafunua kingine, mpaka akafika nyuma ya goti. Hapo akasimama. Palikuwa na kidonda kidogo kikavu, cheusi kama kaa la moto lililozimwa, na wekundu ukizunguka. Mimi sikuwa nimekiona, wala hakikuwa kinauma.

"Huyu hapa," akasema. "Ni kupe huyu, ameuma akaenda zake."

Alimwita daktari msaidizi naye akakitazama, wakanipa vidonge. Baada ya siku chache homa ilikuwa imeondoka kama mgeni aliyekumbuka safari. Kwa hiyo wewe unayesoma, ikikupata homa baada ya kukaa malishoni, wakikupima malaria wasiione, usirudi nyumbani kimya. Sema unaishi na ng'ombe. Onyesha ngozi yako. Mimi aibu yangu ya muda mfupi nyuma ya pazia ndiyo iliyoniponya.

Mwili ulipona. Kilichobaki kilikuwa kingine. Sikuweza kuingia kwenye majani. Nilikuwa nafika ukingoni mwa malisho, miguu inakataa. Nikiona unyoya wa nyasi umegusa sketi naukung'uta kwa mikono miwili kama mwendawazimu. Jioni mlio wa mbu mmoja ulinitoa jasho. Shukri wa ng'ombe alikuwa anawatazama ng'ombe wake kwa mbali kama mgeni wa mjini. Nilikuwa nalia nikikamua, nikidhani hakuna anayeona.

Dagane aliona. Hakuniambia. Siku moja asubuhi alinipa baati yangu na shali, vimekauka, vimekunjwa vizuri. "Vaa hizi leo," akasema, uso wake una furaha kama mtoto aliyeficha zawadi. Nguo zilikuwa na harufu kali niliyoijua lakini sikuikumbuka mara moja. Nilivaa. Nikaenda na ng'ombe hadi kichakani.

Kabla jua halijawa kali ngozi ilianza kuwaka. Kwanza kwapani, halafu mgongoni kote. Mate yakanijaa kinywani, yakawa yanamwagika nikitema. Tumbo likakaza, macho yakaingia ukungu. Niligeuka kurudi, na nilipofika uani nilikuwa natambaa.

Ayeeyo Barwaqo alininusa mara moja tu. "Dawa ya ng'ombe!" alipiga kelele. Mwanamke yule ana miaka zaidi ya sabini. Alinivua nguo zote pale pale nyuma ya nyumba, akazitupa mbali kwa ncha ya kijiti, akaninyanyua kwa kwapa na kunimwagia maji. Mtungi mmoja, sabuni, mtungi mwingine, sabuni tena, maji tuliyokuwa tumeyateka mbali, yote. Na kila mtungi aliomwaga aliuambatanisha na maneno kwa mwanawe: "Mkeo ni ng'ombe? Mkeo ana kwato? Mwonyeshe kwato zake, Dagane!" Dagane alisimama nyuma ya ukuta wa miti, ameshika mkongojo, analia waziwazi.

Tukarudi tena Masalani. Sista Mwende aliponiona alishika kiuno. Alinitundikia dripu, akanikagua macho, na nilipotulia akawageukia waliokuwa nami.

"Nani amemvalisha mama huyu dawa ya mifugo?"

"Mimi," Dagane akasema.

"Ulitaka kumuua?"

"Nilitaka arudi malishoni." Kiswahili chake ni cha sokoni, kifupi, na anaposhikwa na hisia lafudhi yetu humzidi, p zote zinakuwa b. "Yeye analia kila siku, sista. Kube ya ng'ombe inakufa na hiyo dawa. Mimi nafikiri, hata kube yake itakufa. Bole. Bole sana."

Nilikuwa namtazama Sista Mwende kutoka kitandani, naogopa atamfokea, na nilijua kama angemfokea ningeinuka na dripu yangu nimtetee. Hakufoka. Alivuta kiti akakaa mbele yake.

"Baba Hibaq, wazo lako si baya," akasema. "Dawa ndiyo mbaya. Iko dawa ya nguo. Imetengenezwa kwa kitambaa, kama ile ya neti. Watu wanaolinda wanyama msituni wanavaa nguo kama hizo. Kupe akipanda anaanguka, mbu akitua anaondoka. Lakini ni hiyo tu, ya nguo. Siyo ya ng'ombe, siyo ya shamba, siyo ya kunguni."

Dagane alimfanya arudie. Halafu akanigeukia na kuniambia kwa Kisomali, taratibu, "Umesikia? Iko."

Tulimpigia Hibaq. Kupata ile dawa hakukuwa rahisi. Alizunguka maduka ya dawa ya Garissa, akaulizia kwa afisa wa afya, mwishowe ikaletwa kutoka Nairobi kwa basi, chupa iliyofungwa na maelezo yake ubavuni. Alikuja nayo mwenyewe likizo ilipofika. Ayeeyo hakuruhusu iingie ndani ya nyumba. Iliwekwa juu ya mti, mbali na mbuzi na paka.

Siku ya kuchovya, Hibaq alitukalisha wote na kutusomea maelezo mpaka mwisho kabla ya mtu kugusa kitu. Alivaa glavu na kufunga kitambaa puani, akakaa mahali ambapo upepo unampiga mgongoni. Akachanganya kwenye beseni ambalo halitarudi jikoni kamwe. Tulichovya baati ya juu, shali, suruali ya kuvaa chini yake na soksi ndefu. Nguo za ndani hapana. Tulizitundika kivulini, tukaziacha mpaka zikauke kabisa, si unyevu, zikauke. Maji yaliyobaki hatukuyamwaga karibu na dimbwi, kwa sababu yanaua samaki.

Ayeeyo alitazama yote hayo akiwa amekunja mikono.

"Na utaswali na nguo ya sumu?"

"Nitabeba nguo nyingine ya swala, Ayeeyo. Safi, kwenye mfuko wake."

"Na ukiungua tena?"

"Utanimwagia maji."

"Maji ya kumwaga sina tena," akasema. "Kwa hiyo usiungue."

Mara ya kwanza kuzivaa, nilizinusa kwanza. Dagane hakuweza kutazama. Aliondoka akaenda kusimama kwa mbuzi. Zilikuwa hazina harufu. Nilikaa nazo uani asubuhi nzima, Hibaq akiniuliza kila mara, "Inawasha? Macho je? Kinywa?" Hakuna kilichowasha. Alasiri nikachomeka suruali ndani ya soksi, nikachukua fimbo, nikaenda ukingoni mwa majani, na miguu ikakataa kama kawaida. Nikasema Bismillahi kwa sauti. Nikaiambia miguu, leo hamwendi peke yenu. Nikaingia.

Nilifika katikati na kusimama, nikaangalia chini. Kupe mmoja mdogo alikuwa anapanda kwenye soksi. Nilimwacha makusudi. Alipanda kidogo, akapunguza mwendo, akaanza kuyumba, miguu yake ikachanganyikiwa, akaanguka. Nilimtazama akianguka kwa makini kuliko nilivyowahi kutazama kitu chochote. Yule jike mwekundu alikuwa anakula kando yangu, nikamwambia, "Umeona?" Nilikuwa nacheka peke yangu katikati ya malisho, na machozi yananitoka, na sikuona haya hata kidogo.

Sitaki kukudanganya, wewe unayetafuta njia. Nguo si ukuta. Uso na mikono iko wazi, nami huipaka mafuta ya kufukuza mbu jua linapoelekea kuzama. Usiku bado nalala kwenye chandarua. Kila jioni najikagua, nyuma ya goti, kwapani, kwenye nywele, na mara moja nilimkuta kupe kifundoni mwa mkono, amepita pasipokuwa na nguo. Ukizifua mara nyingi dawa inaisha, lazima uchovye tena. Kwa hiyo nazifua kwa nadra na kwa maji ya baridi, na mama mkwe ananiambia nanuka ng'ombe. Nanuka. Katikati ya msimu nilipata homa nikakimbilia Masalani siku hiyo hiyo. Ilikuwa mafua. Sista Mwende alinionyesha majibu huku akitabasamu na kunifukuza ili arudi kwa wagonjwa wa kweli.

Deyr ilifika tena, mwaka mzima tangu nilipoanguka pale dimbwini. Nilikwenda na ng'ombe mbali kama zamani. Jioni wakati wa kukamua, wingu la mbu lilishuka kama kawaida yake, likanizunguka, likatua mgongoni na kuinuka, likatua na kuinuka. Mikono yangu miwili ilikuwa kazini. Sikuipeleka popote. Maziwa yalijaa povu, nami nikaanza kuimba wimbo wa kukamulia ambao sikuwa nimeuimba tangu hospitali, na pumzi ilitosha mpaka mwisho.

Nilikaa msimu wote. Niliporudi na ng'ombe wangu, ngozi zinang'aa, ndama wapya wanayumba nyuma ya mama zao, nilipitia kisimani kwa sababu ndiyo njia, na sitaficha, pia kwa sababu wazee hukaa pale. Walisimama kuwatazama wanyama. Sahal alikuwepo, alikuwa amekuja kutoka mjini kuangalia ng'ombe wake ambao mchungaji wa kuajiriwa aliwaacha wakakonda hata msimu wa mvua. Alikuwa amevaa macawis, shuka ya kiunoni, miguu wazi chini ya magoti, anajikuna. Aliwazunguka ng'ombe wangu polepole, akapapasa mbavu za huyu na yule, kwa mkono wa mtu anayejua biashara yake. Nikangoja aseme wakati huu wana nyama nzuri ya kuuza.

"Jilaal inakuja," akasema mwishowe, wazee wote wanasikia. "Utawapeleka wapi?"

"Upande wa msitu wa Boni."

"Kule kuna kupe na mbu kuliko hapa."

"Najua vilivyoko kule, Sahal."

Alitazama chini. Akatazama soksi zangu, suruali iliyochomekwa ndani yake, baati yenye matope ya msimu mzima. "Wachukue na wangu," akasema.

Dagane alikuwa amesimama kati ya wazee, na nilimwona akihamisha uzito wake kutoka kwenye mkongojo hadi kwenye miguu yake miwili.

"Walete," nikasema. "Lakini peke yangu siwezi makundi mawili. Atakayekuja nami atavaa kama mimi."

"Nitakuja mwenyewe."

Hibaq alimchovyea nguo zake, suruali mbili na shati la mikono mirefu, na soksi ambazo alizilalamikia mno. Ayeeyo Barwaqo alimwamuru azikaushe mpaka mwisho, tena akazipapasa mwenyewe kuhakikisha. Asubuhi ya kuondoka alitokea na ng'ombe wake, amechomeka suruali, anaonekana kama mtu aliyevalishwa na mama yake. Alikwenda moja kwa moja mbele ya kundi, mahali pa mwanamume. Nilimngoja. Jike mwekundu hakusogea. Alisimama akinitazama mimi. Sahal akageuka, akaona, akasogea kando ya njia.

Nikapita mbele. Ng'ombe wakafuata, wangu na wake, na nyuma yao wote, kwenye vumbi, Sahal.